Mzee Wetu Farjala na Kaburi la Livingstone

Ndugu zangu watazamaji, na hasa ninyi mlioko Bagamoyo na Unguja, nawasalimu kutoka London. Nimesimama nje ya kanisa la Westminster Abbey, ambamo amezikwa David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti. Maandishi ya jiwe la kaburi lake yanaanza kwa kusema kwamba aliletwa na mikono aminifu, kwa nchi kavu na kwa bahari, kisha linafuata jina lake. Wenye mikono hiyo hawakutajwa. Niliyasoma maneno hayo mara tatu na machozi yakanilenga, kwa kuwa katika ukoo wetu inasemwa kwamba mmoja wa watu hao alikuwa mzee wetu.

Marehemu bibi yangu mzaa baba, aliyezaliwa mwaka 1938, alikuwa akitusimulia kwamba babu wa baba yake, Mzee Farjala, ndiye “aliyemtia Mzungu chumvi”. Sisi watoto hatukuelewa ni chumvi ya nini, wala hatukuuliza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi leo, kwa sababu bibi alikuwa hai kwa miaka mingi baada ya hapo na swali moja tu lingeweza kunitosha.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Watu aliosafiri nao, wakiongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, waliamua kuurudisha mwili wake pwani, uamuzi mzito kwa watu ambao wangeweza kumzika palepale na kwenda zao. Shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa London mwaka 1874 baada ya mhariri wake, Horace Waller, kuwasikiliza Susi na Chuma wenyewe, zinaeleza kwamba kazi ya kuupasua mwili alipewa mtu aitwaye Farijala, aliyejifunza kidogo kazi hiyo alipokuwa mtumishi wa daktari Unguja, naye akasaidiwa na kijana aitwaye Carras. Moyo na matumbo vilizikwa pale kijijini, na mmoja wa watu wa msafara, Jacob Wainwright, akasoma sala ya maziko. Kisha mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa siku 14, ukafungwa kwa nguo na gome la mti, ukabebwa kwa miguu miezi kadhaa hadi Bagamoyo, ulikofika Februari 1874. Maziko ya hapa yalifanyika tarehe 18 Aprili mwaka huohuo.

Nilipolikuta jina hilo pamoja na chumvi katika ukurasa mmoja, nilifunga kitabu nikatoka nje kuvuta pumzi. Hata hivyo, ndugu zangu, sijasema kwamba nimempata, na naomba msiniwahi kwa pongezi.

Farjala, yaani faraja ya Mungu, lilikuwa jina la watu wengi pwani wakati ule, na wengi miongoni mwao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, ambao waandishi wa Kizungu waliwaandika kwa jina moja tu, bila jina la baba wala la babu. Sisi humtambua mtu kwa kusema fulani bin fulani, lakini karatasi za misafara zinakata mnyororo huo kwenye pete ya kwanza. Hesabu ya vizazi inakubali: mtu mwenye umri wa miaka kama 28 mwaka 1873 angeweza kabisa kuwa babu wa mtu aliyezaliwa mwaka 1905, kama baba yake bibi. Lakini hesabu hiyo inawakubali pia akina Farjala wengine wote wa wakati huo. Linalonitia shaka zaidi ni kwamba habari za Susi na Chuma zilisomeshwa shuleni, kwa hiyo inawezekana mtu wa ukoo wetu aliisoma habari ya chumvi darasani, akairudisha nyumbani, ikashikamana na jina la mzee ambaye pengine hakuwahi kufika Chitambo.

Njia ya kutenganisha mambo haya mawili ni kujua nani aliisimulia kwanza, na lini. Kama baba yake bibi, ambaye hakuwahi kwenda shule, alikuwa akiisimulia, basi uzito wake ni mwingine kabisa. Kwa hiyo Shangazi, najua unanitazama: kabla hujanisimulia lolote la Livingstone, nieleze kwanza ulisikia kwa nani maneno hayo ya chumvi, mlikuwa mmekaa wapi, na mke wa Mzee Farjala aliitwa nani. Katika msafara ule walikuwamo wanawake pia, mmoja wao Halima, mke wa Amoda, na huenda jina la bibi mmoja aliyesahaulika likatufikisha mahali ambapo jina la Farjala peke yake haliwezi kutufikisha. Mwambie kijana wako akurekodi kwa simu, na usiharakishe.