Wagonjwa wa Ujiji, Wazima wa Kasulu

Shikamooni wazee wangu. Nanyi vijana wa utafiti, hamjambo. Kwamba presha na kisukari vina vinasaba vingi nyuma yake, kila kimoja kikichangia kidogo, mnajua. Nimekuja Kigoma na swali ninalouliza kila ninakokwenda: mgonjwa wako umemlinganisha na nani?

Tuchukulie mna wagonjwa 100 wa presha. Kwa kuwa mmewapata mjini, 80 ni Wamanyema wa Ujiji, ambao mababu zao walivuka ziwa kutoka Kongo, na 20 ni Waha wa Kasulu. Wazima 100 mmewapata kinyume chake: 20 wa Ujiji, 80 wa Kasulu. Sasa chukueni alama yoyote ya kinasaba, yaani tofauti ndogo ya DNA ambayo wengine wanayo na wengine hawana, isiyohusiana kabisa na presha, ambayo tuseme Wamanyema 60 kati ya 100 wanayo, na Waha 20. Pigeni hesabu. Wagonjwa wenye alama ni 52, wazima ni 28. Mtashangilia kwamba mmepata jeni ya presha! Jamani, mlichopata ni safari ya mitumbwi. Kwa hesabu hiyo hiyo mtapata na jeni ya kupenda mawese.

Yupo atakayesema, "Mwalimu, nitaongeza watu wafike 10,000." Ongeza! Uwiano ukiwa ule ule, pengo linabaki pale pale, na kompyuta inazidi kukuhakikishia uongo. Mwingine atasema atachukua watu wa mtaa mmoja wa hapa mjini, Mwanga. Mwanga hiyo hiyo ambako Muha, Mmanyema na Mbembe wamepanga nyumba moja?

Njia ya kutoka ipo. Mwaka 1993 mtafiti wa vinasaba Richard Spielman na wenzake walimpima mtoto mgonjwa pamoja na wazazi wake. Mzazi mwenye nakala mbili zisizofanana za kinasaba amempa mtoto moja, nyingine amebaki nayo. Linganisha, katika familia nyingi, iliyotolewa na iliyobaki: mzazi ni yule yule, asili ni ile ile, Ujiji na Kasulu hazigombani tena. Wazazi wakiwa wamefariki, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi wa presha, ipo njia ya mtafiti mwingine, Alkes Price, na wenzake ya 2006: maelfu ya alama hutumika kukadiria asili ya kila mtu, kisha hesabu inarekebishwa.

La kupima alama milioni moja nalipitia mbio. Kwa kiwango cha 0.05, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 5 katika kila vipimo 100, alama 50,000 zitajitokeza kwa bahati tu; ndiyo maana mpaka umewekwa 0.00000005.

Lakini fomu zenu nimezisoma. Zinauliza umri, uzito, sigara. Kabla hamjaanza Jumatatu, ongezeni mstari mmoja: bibi na babu wa pande zote mbili walizaliwa wapi.