Bweni Lisilowasha Taa Mchana

Mwangaluka, wazee wangu, mafundi, na nyie vijana. Nimeombwa nizungumzie bweni la wanafunzi. Naanza na korido.

Nilipokuwa chuo nililala bweni lenye korido katikati, vyumba huku na huku. Changu kilikuwa cha saba kushoto. Umeme wa LUKU ukiisha mchana, nje jua la Oktoba linachoma, ndani napapasa milango nikihesabu: wa tano, wa sita, huu wangu. Siku moja nikakosea hesabu, nikajitupa juu ya mtu aliyelala. Taa 20 za korido kama hiyo, za wati 36 kila moja, zikiwaka saa 12 za mchana, zinakula uniti 8 na ushee kila siku, hata simu haijachajiwa. Hiyo ni faini ya kosa la mchoraji, na chuo kinailipa mpaka jengo libomoke.

Vyumba vikae mstari mmoja, korido iwe varanda ya nje. Hapo kila chumba kina madirisha pande mbili, upepo unapita. Na fundi, kabla ya kutanua dirisha, pandisha linta, ile boriti ya juu ya dirisha. Mwanga wa kusomea huingia ndani kama mara mbili ya kimo cha linta. Ikiwa mita 2.1, ukivuka mita 4 na kidogo meza yako imo gizani.

Sasa jua. Tabora tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na wengi hudhani jua letu ni la utosini mwaka mzima. Juni, likifika juu kabisa (kwetu ni saa saba kasoro, si saa sita), limeinamia kaskazini nyuzi 28. Desemba linainamia kusini nyuzi 18 tu. Kuta ndefu zitazame pande hizo. Dirisha ambalo chini yake ni mita 1.8 kutoka ukingo wa bati linataka upenu wa karibu mita 1 kaskazini. Kusini sentimita 60 zinatosha. Nyie mnakata kenchi, mbao za paa, sawasawa pande zote mbili kwa mazoea!

Magharibi wekeni ngazi na stoo. Jua la jioni hupita chini ya upenu wowote. Mwembe ndio unaliweza, na miembe Tabora hatuazimi.

Mzee mmoja kaniuliza pale mlangoni: mbona tembe, ile nyumba ya kale, la Kwihara hapa Tabora, alimokaa mmisionari Livingstone 1872, lina ubaridi wake? Kuta nene za udongo, mzee wangu. Kulala humo, raha. Kusoma fizikia saa nane mchana, utaomba kibatari.

Haya, nishikieni pembe ya mchoro huu, tuanze na ngazi.