Picha Alizozitaka Sojourner Truth

Waheshimiwa wageni, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Ukumbini mtakuta michoro mikubwa na sanamu za Sojourner Truth, mama wa Kimarekani aliyepigania ukomeshaji wa utumwa, kazi za wasanii wa leo wanaomuenzi. Nimezipenda. Lakini nawaomba msianzie huko. Anzieni kwenye kabati la kioo, kwenye vile vipicha vya kadi vinavyoenea kiganjani.

Vilipigwa miaka ya 1860, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto Marekani. Mtazameni mama huyu. Ameketi, kavaa kofia nyeupe na shali, miwani machoni, ameshika kazi yake ya kufuma na uzi umemshukia mapajani. Mezani pana kitabu na maua. Chini pameandikwa: "Nauza kivuli ili kukitunza kitu chenyewe," yaani anauza picha ili aishi mwenye picha. Aliviuza mwenyewe mikutanoni, na fedha hiyo ndiyo iliyomlisha na kumsafirisha, akipinga utumwa na kudai haki za wanawake.

Huyu anayeuza picha yake aliwahi kuuzwa yeye. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la New York yapata mwaka 1797, akiitwa Isabella. Akiwa na miaka kama tisa alinadiwa pamoja na kundi la kondoo kwa dola 100. Baadaye bwana wake, John Dumont, alimwahidi kumwachia huru mwaka mmoja kabla ya utumwa kufutwa kisheria jimboni mwaka 1827. Siku ilipofika akaruka ahadi, akidai mkono ulioumia ulimpunguzia Isabella kazi. Isabella akamaliza kusokota sufu aliyoona anadaiwa, kisha alfajiri moja ya 1826 akambeba mtoto wake mchanga, akashika njia kwa miguu. Mwanawe Peter alikuwa ameuzwa Alabama kinyume cha sheria. Akaenda mahakamani kumdai, na mwaka 1828 akarudishiwa.

Mgongoni alikuwa na makovu ya fimbo. Mwaka 1863 wapinga utumwa walisambaza picha ya mgongo wa mtumwa aliyetoroka Louisiana, umejaa makovu, na picha ile ilitikisa watu. Truth hakuvua shali. Alitaka aonekane mama mwenye heshima zake. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa kisanii, sawa na wa mchoraji yeyote aliyemo humu ndani.

Tena alikuwa na sababu. Hakujua kusoma wala kuandika, na wengine walimlisha maneno. Hotuba yake ya Akron, Ohio, ya 1851 ilichapishwa gazetini mwaka uleule bila lile swali mashuhuri, "Je, mimi si mwanamke?" Swali lilikuja miaka 12 baadaye, kwenye maandishi ya Frances Gage, mtetezi wa haki za wanawake, aliyempa Truth lafudhi ya watumwa wa Kusini. Na Truth ni mtu wa New York, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi!

Kwenye picha hakukubali mtu amsemee. Mwaka 1864 alisajili hakimiliki kwa jina lake, wakati kwa kawaida aliyesajili ni mpiga picha. Kwa hiyo nimewaomba waandaaji wabadilishe vibandiko vya kabati lile: mahali pa mwenye kazi, liandikwe jina la Sojourner Truth.