Kile Kifaili cha ~$ Kwenye Flashi Yako Si Virusi

Hamjambo watazamaji. Leo niko saiba, hapa Kondele, Kisumu. Mteja ameniletea flashi mbio mbio akidai imeingia virusi. Haya, tuichomeke tuone.

Barua yake hii hapa: Maombi ya kazi.docx. Kando yake kuna kingine kilichofifia, kinaitwa ~$ombi ya kazi.docx. Umeona? Herufi mbili za kwanza zimeondoka, zikakaliwa na kiwimbi na alama ya dola. Kama kwako hakionekani, bonyeza View, Show, halafu weka tiki kwenye Hidden items.

Hiki ni kifaili cha muda cha Word. Ukifungua barua, Word inakiunda na kuandika humo jina la mtumiaji, kama askari wa geti anavyoandika wageni kwenye daftari. Mwingine akijaribu kuifungua barua hiyo, anaambiwa ni nani anayeitumia. Ukifunga vizuri, kinafutwa chenyewe. Lakini stima ikipotea ghafla, na mnajua hapa kwetu mvua ikianza tu mambo huwa vipi, hakuna wa kukifuta. Kesho unafungua barua yako, unaambiwa imefungwa na mtu mwingine. Ukisoma jina, ni lako!

Fanya hivi. Funga Word yote. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ufungue Task Manager, ile orodha ya programu zinazoendelea, uhakikishe Word haijabaki ikizunguka kichinichini. Ikiwa haipo tena, futa hicho cha ~$ peke yake. Barua usiiguse. Wanaotumia LibreOffice, chenu kinaanza na .~lock na kuishia na alama ya reli.

Sasa sikizeni, maana hapa ndipo watu hulia. Ndani ya ~$ hamna maandishi yako, hata sentensi moja. Kazi ambayo hukuihifadhi itafute kwingine: File, Info, Manage Document, kisha Recover Unsaved Documents. Word isipobadilishwa mipangilio, huweka nakala ya dharura kila dakika 10, kwa hiyo stima ikienda dakika ya 9, hizo 9 ni zako kuandika upya. Na nakala hiyo hukaa kwenye kompyuta, si kwenye flashi. Kama uliandikia saiba, rudi saiba ile ile, ukalie kompyuta ile ile. Ukienda ya jirani utatafuta mpaka jioni.

Ukikuta pia ~WRL yenye mwisho wa .tmp, hiyo usiifute haraka. Mara nyingi hubaki flashi ikichomolewa Word ikiwa katikati ya kuhifadhi. Inakili kwenye Desktop, badilisha .tmp iwe .docx, ujaribu kuifungua. Huenda ukapata barua yako ya kabla ya mabadiliko ya mwisho.

Ya mteja wangu imefunguka, kurasa zote mbili. Sasa nabonyeza Eject, nangoja niambiwe ni salama, ndipo naichomoa.