Michezo na Mlango wa Chuo Kikuu: Mhadhara kwa Wazazi na Wanafunzi wa Lamu

Asalaam aleikum, wazazi wetu, walimu, na nyinyi wanafunzi mliokuja jioni hii. Nimeombwa nieleze iwapo kijana anayecheza au kukimbia vizuri huwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata chuo kikuu, na jibu lategemea ni chuo cha nchi gani.

Hapa Kenya michezo haimwongezei kitu katika upangaji wa vyuo unaofanywa na serikali. KUCCPS, shirika la serikali lenye kazi hiyo, huwapangia wanafunzi vyuo kwa matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ambayo kwa shahada hayapungui C+, na kwa alama za masomo yanayodaiwa na kozi. Vikombe alivyoiletea shule havihesabiwi.

Marekani mambo ni mengine, na huko ndiko wengi wetu hukosea hesabu. Kesi ya Chuo Kikuu cha Harvard kuhusu namna kinavyodahili wanafunzi, iliyosikizwa Boston mwaka 2018, ilionyesha kwamba wanamichezo walioteuliwa na makocha walikubaliwa kwa takriban asilimia 86, ilhali waombaji wa kawaida hawakufika hata asilimia 10. Takwimu hiyo yataka uangalifu, kwa kuwa mchujo huwa umekwisha kufanyika kabla ya ombi kupelekwa: kocha ana nafasi chache, huchunguza vijana wengi, huwapelekea maofisa wa udahili ripoti za masomo wazikague, kisha humhimiza aombe yule tu ambaye kocha anajua kuwa hatakataliwa. Aliyechezea timu ya shule bila kutakwa na kocha hayumo katika hesabu hiyo. Kwake michezo ni mstari mmoja tu wa fomu. Uzito wa neno la kocha ulidhihirika mwaka 2019, wazazi matajiri wa huko waliposhtakiwa kwa kuwahonga makocha ili watoto wao waorodheshwe kuwa wanamichezo, wengine wakiwa hawajawahi kuucheza mchezo wenyewe.

Tena vyuo vya Ivy League, yaani vyuo vinane mashuhuri vya mashariki mwa Marekani, Harvard kikiwa kimojawapo, havitoi ufadhili wa michezo. Ufadhili wao hutazama uwezo wa familia, na kwa maoni yangu ufadhili huo ndio unaomfaa zaidi mtoto wa mvuvi, maana hautegemei uzima wa goti. Mradi wa KenSAP, ulioasisiwa mwaka 2004 na Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972, pamoja na mwandishi wa habari John Manners, umewapeleka Wakenya wengi katika vyuo vya namna hiyo, nao huanza kwa kutazama KCSE.

Kwetu pwani tuna kikwazo kingine. Kijana wa Shela aliyekulia majini huenda akawa na pumzi kuwashinda wengi, lakini kocha wa kuogelea husoma muda uliopimwa ndani ya bwawa rasmi, wala hana namna ya kukadiria mkondo wa bahari. Mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo amtafutie mashindano yenye bwawa na wapima muda wanaotambuliwa na chama cha mchezo huo, na afanye hivyo mtoto akiwa kidato cha pili au cha tatu, kwani makocha wengi huwa wamekwisha kujaza orodha zao kabla ya matokeo ya KCSE kutangazwa.