Jangwani Quartzsite, bila Luku wala bomba

KASSIM: Haya, tupo hewani. Neema leo sauti imemkauka.

NEEMA: Vumbi, kaka. Nimerudi juzi kutoka Quartzsite, kule Arizona. Yule mama tuliyefanya naye kazi ya uuguzi, nimeshamtaja humu, amestaafu, akauza nyumba, sasa anaishi kwenye gari-nyumba. Akaniita nikakae naye wiki nzima. Nguzo ya umeme hamna, bomba hamna, Luku hamna.

KASSIM: Na umekuja na karatasi.

NEEMA: Nimekuja na mambo matano. Wengi mmetuuliza, hasa nyie madereva wa malori mliochoshwa na kodi ya nyumba. La kwanza, umeme. Juu ya paa ana paneli za wati 400, chini ya kitanda betri mbili za lithiamu, za volti 12, kila moja saa-ampea 100. Ukipiga hesabu, zikijaa ni yuniti mbili na nusu. Basi. Friji ndogo ya volti 12 inakula kama nusu yuniti kwa siku. Taa, simu na pampu ya maji ni kidogo sana.

KASSIM: Na kiyoyozi?

NEEMA: Hapo ndipo watu wanapodanganywa na video. Kiyoyozi cha juu ya paa kinakula zaidi ya yuniti moja kwa saa. Saa mbili tu, betri zote zimekwisha. Ndiyo maana wale watu hawashindani na joto, wanalihama. Msimu wa baridi wako Quartzsite, kiangazi kikifika na joto kupita nyuzi 40, wanapanda milimani upande wa Flagstaff. Na tafadhali, usinunue betri za asidi kwa sababu ni rahisi. Ukizoea kuzishusha chini ya nusu unaziua. Ya lithiamu unaitumia karibu yote.

KASSIM: Mimi hiyo barabara ya I-10 naipita na mzigo. Usiku wa Januari unaona taa ndogondogo jangwani kotekote. Hivi ile ardhi ni ya nani?

NEEMA: Ya serikali kuu, iko chini ya idara ya kusimamia ardhi ya umma, wanaiita BLM. Sehemu nyingi unaruhusiwa kukaa bure siku 14 ndani ya siku 28, halafu uhame. Ila pale La Posa, kusini ya mji, wana eneo la kukaa muda mrefu, kuanzia Septemba 15 mpaka Aprili 15. Kibali cha msimu mzima kwa miaka mingi kilikuwa dola 180.

KASSIM: Miezi saba kwa dola 180!

NEEMA: Na pale kuna kisima cha kujazia maji na mahali pa kumwaga maji taka. Sasa la pili, hayo maji. Tenki lake ni lita 150. Nimeoga kwa kikombe kama enzi za bweni...

KASSIM: Ngamia mwenye kiu anakunywa lita 100 kwa kituo kimoja.

NEEMA: Ngamia katokea wapi?

KASSIM: Dada, umekaa Quartzsite wiki nzima hukwenda kwenye kaburi la Haji Ali?

NEEMA: Lile piramidi la mawe lenye ngamia kileleni? Nimelipita. Pameandikwa Hi Jolly.

KASSIM: Huyohuyo! Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake. Mwaka 1855 bunge lao lilitenga dola 30,000 kununua ngamia wa jeshi, kwa sababu nyumbu wa mizigo, wale chotara wa punda na farasi, walikuwa wanakufa kiu huku magharibi. Mwaka 1856 meli ikawashusha Texas, ngamia zaidi ya 30, pamoja na wachungaji wao. Haji Ali akiwemo. Mwaka uliofuata wakatembea na Luteni Beale kupima barabara mpaka mto Colorado.

NEEMA: Sawa. Maji, sasa...

KASSIM: Beale mwenyewe aliwasifu. Walibeba mizigo mizito, walikula vichaka ambavyo nyumbu hawavigusi. Ila farasi na nyumbu wakiona ngamia wanatoka mbio. Halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza mwaka 1861, mradi ukafa. Ngamia wengine wakauzwa, wengine wakaachwa jangwani.

NEEMA: Kassim, la pili ni maji. Kila anayekuja anabeba madumu...

KASSIM: Ngamia habebi dumu.

NEEMA: Haya, ngamia ndiye gari-nyumba la kwanza la Arizona. Umeridhika? Naendelea: maji ya vyombo yana tenki lake, ya choo lake. La choo likijaa, huna pa kwenda mpaka ulihamishe gari zima. Hilo linakubana mapema kuliko umeme.

KASSIM: Na Haji Ali alifia hapohapo Quartzsite, Desemba 1902. Mzee, akitafuta madini. Mke na mabinti wawili alikuwa nao Tucson. Ndiyo maana hii habari hainitoki. Yule mama yako, siku akianguka usiku ndani ya lile gari, nani atajua?

NEEMA: Majirani. Usiku wa pili inveta yake, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ilizima. Kulipopambazuka wazee watatu walikuwa wameshafika na mita zao za kupimia umeme, mmoja kaleta na uji. Mimi kwenye apatimenti yangu Phoenix mlango wa mbele simjui jina.

KASSIM: Hao wanaondoka Aprili.

NEEMA: Na Novemba wanarudi, wanaegesha palepale. Wanajuana miaka.

KASSIM: Jirani ni yule atakayebeba jeneza lako, dada. Yule unayeweza kumwachia ufunguo na mtoto. Huyo mwenye mita ni mtu mwema, simkatai, lakini ni msafiri mwenzako. Mimi nalala kwenye kabini ya lori wiki tatu kwa mwezi. Najua wema wa maegeshoni. Ukiumwa kweli, unataka mtaa.

NEEMA: Wewe unalala kwenye lori kwa sababu ya kazi, yeye amechagua. Kwa kodi ya Phoenix pensheni yake ilikuwa inakwisha kabla ya tarehe 20. Sasa anamsomesha mjukuu. Unataka arudi kwenye kodi ili apate wa kubeba jeneza?

KASSIM: Nataka awe na watu.

NEEMA: Anao! Nimekula nao!

KASSIM: Umekula nao wiki moja.

NEEMA: Na wewe hujakula nao hata siku moja. Bibi zetu wangapi wanakufa peke yao kwenye nyumba za matofali, mtaa umejaa?

KASSIM: Kijijini kwenu Moshi? Haiwezekani.

NEEMA: Inawezekana, Kassim. Inatokea. Vijana wote wako huku wanatuma hela.

KASSIM: ...Hilo sikatai. Ila hapo watu watajua siku hiyohiyo. Nabaki nilipo.

NEEMA: Na mimi sisogei.

KASSIM: Tuna dakika mbili.

NEEMA: Sijagusa gharama, bima, wala anwani! Basi anwani tu, maana ndiyo inayowakwamisha wengi: bila anwani hupati leseni. Wengi wanakwenda jimbo la South Dakota, wanalala usiku mmoja, wanatunza risiti, wanakodi anwani kwenye kampuni ya kupokea barua...

KASSIM: Na mwenye makaratasi ya uhamiaji?

NEEMA: Huyo aulize wakili wake kabla hajabadili anwani yoyote. Asikae kimya, taarifa ya kuhama ina siku 10 tu kwa wasio raia. Hilo lilitaka kipindi kizima.

KASSIM: Tulipange wiki ijayo.

NEEMA: Bila ngamia.

KASSIM: Sikuahidi.