Mwaka Mmoja wa Barabara za Jiji: Tuhesabu Nini?

Mwenyekiti, mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie ripoti ya mwaka ya wakala wa usafiri na barabara wa jiji: inasomwaje, na mwananchi wa kawaida atajuaje kama mwaka umekwenda vizuri. Kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa wanaoziandika ripoti hizo, kwa hiyo nitakayosema leo yananihusu na mimi.

Fungueni ripoti yoyote ya aina hii, mtakutana na vitenzi vilevile: tumejenga, tumekarabati, tumefunga taa, tumechora alama. Kila kitenzi kina nambari yake. Kilomita hizi, mita za mraba hizi, taa kadhaa. Si uongo. Mkandarasi alikuja, kazi ikapimwa, hati ya malipo ikasainiwa. Ila zote hizo ni habari za wakala. Habari za mtu anayeitumia barabara hazimo. Anavuka bila kukimbia? Basi lake linafika kwa wakati? Mvua ikinyesha anapita? Hoja yangu ni moja tu: mwaka wa wakala upimwe kwa kilichobadilika kwa mtu anayekwenda polepole kuliko wote barabarani. Nitaeleza kwa nini yeye, na si mwingine.

Nianze na lami, maana ndiyo inayojaza kurasa. Ripoti inasema kilomita kadhaa zimewekwa tabaka jipya. Sawa. Na ngapi zimechakaa mwaka huohuo? Barabara haisubiri bajeti. Wahandisi wana namna ya kuipa kila barabara alama za hali yake, mara nyingi kutoka 0 hadi 100, na mtandao mzima unaweza kupewa wastani wake. Wakala ukijivunia kilomita 40 za lami mpya huku wastani wa mtandao umeshuka, jiji limerudi nyuma, hata kama picha za uzinduzi zinapendeza.

Watu wengi wanadhani barabara huharibika kwa kukanyagwa tu. Adui mkubwa zaidi ni maji. John Loudon McAdam, Mskoti ambaye jina lake limebaki katika msamiati wa barabara, alilishikilia hilo mwanzoni mwa karne ya 19: udongo wenyewe ndio unaobeba mzigo, na utaubeba mradi ubaki mkavu. Ufa mdogo usipozibwa, maji yanaingia, tabaka za chini zinalegea, gurudumu linapita, lami inabonyea, kipande kinang'oka, tunaanza kulalamikia shimo. Shimo lile lilianzia kwenye mtaro uliojaa mchanga miaka miwili iliyopita. Ndiyo maana mimi nikipokea ripoti natafuta kwanza usafishaji wa mitaro na uzibaji wa nyufa, na mara nyingi naukuta mwishoni kabisa, mstari mmoja, hauna hata picha.

Kukanyagwa nako kuna hesabu yake, na inafaa kila mtu aijue. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, malori yalizungushwa juu ya barabara zilizojengwa mahususi kwa majaribio. Ilionekana kwamba uharibifu huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani ule mhimili unaoshika magurudumu ya pande mbili. Ekseli yenye uzito maradufu haiharibu mara mbili. Inaharibu kama mara 16. Ekseli ya tani 10 ikiwekwa kando ya ekseli ya tani 1, tofauti ni kama mara 10,000. Mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli hawaonekani hata kidogo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo kuamua malori mazito yapite wapi ni kazi ya matengenezo kama ilivyo kumwaga lami, na idara ya mipango na idara ya matengenezo zikikaa ofisi mbili zisizosemezana, barabara ndiyo inayolipa.

Kuna jambo gumu hapa. Fedha huvutwa kwenye barabara mbovu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayopigiwa kelele. Kelele hizo nazielewa, na wanaozipiga wana haki. Lakini barabara iliyokwisha kufumuka gharama yake haitapanda sana ikingoja mwaka mmoja, wakati ile yenye nyufa za kwanza isipozibwa sasa itakuja kudai kufumuliwa yote, kwa gharama kubwa mara kadhaa. Wakala unapaswa kugawa fungu lake pande zote mbili na kuwaeleza watu, mtaa kwa mtaa, kwa nini barabara inayoonekana nzima inafanyiwa kazi kabla ya ile iliyooza. Wasipoelezwa wataona upendeleo, na hatutakuwa na haki ya kuwalaumu.

Sasa nije kwenye kivuko, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Miaka mingi iliyopita nilisimama kwenye kivuko chenye taa, mkononi nina saa ya kupimia. Barabara ilikuwa na njia nne, kila moja mita 3.5, jumla mita 14. Taa ilikuwa imepangwa kwa mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde, kiwango kilichotumika muda mrefu katika miji mingi. Mita 14 kwa mwendo huo ni kama sekunde 12. Akaja bibi mmoja mwenye mkongojo. Mwendo wake ulikuwa kama mita 0.8 kwa sekunde. Sekunde 12 zilipokwisha alikuwa amevuka mita 9.6, yuko kwenye njia ya tatu, mbele yake mita 4.4, na magari yameshapewa kijani. Akasimama palepale. Magari yakampita mbele na nyuma, mengine yakimpigia honi. Katika ripoti yetu ya mwaka ule kivuko hicho kilikuwa kwenye safu ya kazi zilizokamilika. Tangu siku ile siwezi kuisoma safu hiyo bila kumwona yule bibi.

Alihitaji sekunde 17 na nusu. Sekunde hizo haziombi zabuni wala lori la kokoto. Fundi wa taa anafungua kisanduku, anabadilisha mpangilio, anafunga. Pale ambapo sekunde haziwezi kuongezwa, unajengwa ukingo wa katikati wa kupumzikia, ili mtu avuke nusu, angoje salama, amalizie. Ndiyo sababu nasema kipimo kiwe mtu wa polepole. Kivuko kinachomtosha yeye kinamtosha pia mtoto, mjamzito, mwenye mizigo, na wewe siku umevunjika mguu. Kivuko kilichopangwa kwa kijana mwenye mbio kinamtosha kijana mwenye mbio, basi.

Na mwendo wa magari? Tufanye hesabu pamoja. Gari linakwenda kilomita 30 kwa saa, mtoto anatokea. Dereva anahitaji kama sekunde moja kutambua na kufikia breki. Kwa sekunde hiyo gari limekwenda mita 8 na kidogo. Kwenye lami kavu breki zinalisimamisha ndani ya mita 5 nyingine. Jumla kama mita 13. Gari jingine linakwenda kilomita 50 kwa saa, dereva huyohuyo, sekunde ileile moja ya kutambua: limeshakwenda karibu mita 14. Yaani pale gari la kwanza liliposimama kabisa, la pili halijaanza kufunga breki. Tofauti ya kilomita 20 kwenye kibao ni tofauti ya mtoto kupata hofu na mtoto kugongwa kwa mwendo mzima.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wanaopanda pikipiki. Bunge la Sweden mwaka 1997 lilipitisha msimamo kwamba vifo hivi havikubaliki, na kwamba binadamu atakosea daima, hivyo anayebuni barabara ana wajibu wa kuhakikisha kosa la kawaida halimuui mtu. Wengine waliona ni ndoto. Lakini mwaka 2019 jiji la Oslo lilimaliza mwaka bila mtembea kwa miguu wala mwendesha baiskeli hata mmoja kuuawa barabarani. Helsinki ilikwenda miezi kumi na miwili, hadi Julai 2025, bila kifo chochote cha barabarani. Mitaa zaidi ya nusu ya jiji hilo ina kikomo cha kilomita 30 kwa saa. Na kibao peke yake hakipunguzi mwendo. Barabara pana iliyonyooka inamwambia dereva akanyage mafuta, hata kama kibao kinasema vingine. Kinachopunguza mwendo ni umbo la barabara: njia kuwa nyembamba zaidi, kona kubanwa, kivuko kuinuliwa kuwa tuta. Basi ripoti isiniambie vibao vingapi vimesimikwa. Iniambie magari yalikuwa yakienda kwa mwendo gani kabla, na yanakwenda kwa mwendo gani sasa.

Foleni sitakaa nayo sana, ingawa ndiyo inayoulizwa kila mahali. Jibu la haraka la viongozi ni kupanua. Houston, Marekani, waliipanua barabara kuu ya Katy, kazi ikakamilika 2008, na sehemu nyingine zikafikia njia zaidi ya 20 ukihesabu za pembeni. Miaka michache baadaye safari za saa za jioni zilikuwa zikirefuka tena. Wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walipochunguza miji ya Marekani, katika kazi waliyoichapisha 2011, waliona kwamba umbali unaoendeshwa huongezeka karibu sawasawa na ongezeko la barabara zenyewe. Nafasi mpya inaita magari mapya. Stockholm walikwenda njia nyingine: kuanzia Januari hadi Julai 2006 walijaribu kutoza magari yanayoingia na kutoka katikati ya jiji, na magari yanayovuka mpaka huo yakapungua kwa takriban moja ya tano. Wakazi wakapiga kura, tozo ikarudi 2007 kuwa ya kudumu.

Hapa pia ripoti nyingi zinahesabu kitu kisicho chenyewe. Zinahesabu magari kwa saa. Tuhesabu watu. Njia moja ya mjini iliyojaa magari binafsi hupitisha watu kama 600 hadi 1,600 kwa saa. Njia hiyohiyo ikitengwa kwa mabasi yanayofuatana bila pengo refu inaweza kupitisha 4,000 hadi 8,000. Upana ni uleule.

Mfano mmoja mdogo ninaoupenda. Mwaka 1967, katika jiji la Okayama, Japani, yaliwekwa kwa mara ya kwanza matofali yenye vinundu yaliyobuniwa na Seiichi Miyake, ili asiyeona ahisi njia kwa unyayo na fimbo. Leo yako miji mingi duniani. Ila nimeona mahali ambapo mstari wa matofali hayo unamfikisha mtu kwenye nguzo ya umeme. Ripoti ilihesabu mita zilizolazwa, na mita zilikuwa sahihi kabisa.

Haya yote yanahitaji jambo ambalo wakala nyingi hulisahau: kupima kabla ya kuanza. Jiji la New York lilipoyafungia magari sehemu za barabara ya Broadway pale kwenye uwanja wa Times Square mwaka 2009, halikuanza na zege. Lilianza na rangi, vizuizi na viti vya kukunja, kama jaribio. Na kwa sababu takwimu za nyuma zilikuwepo, liliweza kuonyesha kwamba majeruhi watembea kwa miguu katika eneo hilo wamepungua kwa asilimia 35. Ndipo ujenzi wa kudumu ukafuata. Ambaye hakuhesabu kabla hana cha kuonyesha baadaye isipokuwa picha.

Nimalizie na mipango, na jambo linalowaudhi watu kuliko yote: barabara inawekwa lami, miezi mitatu baadaye inachimbwa kupitisha bomba la maji, halafu inachimbwa tena kwa nyaya. Kiungo cha kiraka hakishikani kama lami ya mara moja. Maji hupata mlango, na mnajua sasa maji hufanya nini. Kosa hili si la mafundi. Ni kalenda. Wakala wa barabara, watu wa maji, wa umeme na wa mawasiliano wangeweka ratiba zao kwenye ramani moja mwaka mmoja kabla, nyingi ya safari hizo za mchimbaji zisingekuwepo. Kwa hiyo naomba ripoti iwe na ukurasa wa yale yaliyokusudiwa na hayakufanyika, kila moja na sababu yake: fedha hazikuja, mkandarasi alichelewa, usanifu ulikosewa, bomba lilikutwa chini. Niliwahi kuuandika ukurasa huo. Wakubwa wangu wakautoa kabla ya kuchapa, nami nikanyamaza. Nisingenyamaza leo.

Pale mlangoni nimeacha karatasi, zina nafasi tatu za kujaza: upana wa barabara kwa mita, sekunde za taa ya kuvukia, na sekunde alizotumia mtu wa polepole kuliko wote mliyemwona akivuka. Chukueni, nendeni kwenye kivuko mnachokitumia kila siku, mjaze, na mzipeleke wakala kabla ripoti ya mwaka ujao haijaandikwa. Karibuni kwa maswali.